Kibao Kilichozidi Kidole

Iko nchi inaitwa Kwetupazuri. Haipakani na nchi yenu, wala msijisumbue kuitafuta kwenye ramani, maana wachora ramani waliipa herufi ndogo, nayo ikasusa kuonekana. Nayasema haya mapema ili mtu asije akainuka kitini akadai, "Huyu anatusema sisi." Hapana, jamani. Kwenu ninyi mambo yanakwenda sawasawa, nami nawapa hongera.

Fahari ya Kwetupazuri ni Sheria ya Vibao na Heshima. Kwa sheria hiyo kila mtu ana cheo, na kila cheo kina herufi zake. Jina la Rais huandikwa kwa herufi za urefu wa nguzo ya umeme. La waziri, urefu wa mlango. La mkuu wa mkoa, urefu wa meza, na la diwani urefu wa kigoda, awe amekikalia au hajakikalia. Mfanyabiashara naye hakusahauliwa: herufi za kibao chake zisizidi kidole cha shahada, na ili kuepusha ubishi, kiwe kidole chake mwenyewe. Ndiyo maana kampuni kubwa za nchi ile zikitafuta mkurugenzi haziulizi vyeti. Humwomba mtu anyooshe mkono.

Na msidhani sheria iliishia kwenye vibao. Hotuba, barua, hata kadi za harusi, zote hufuata cheo cha msomaji. Barua ya kwenda kwa waziri hubebwa na watu wanne, wawili mbele na wawili nyuma. Mwananchi wa kawaida akiandikiwa, herufi zake ni punje ya ulezi, kwa kuwa serikali haipendi kumchosha kwa mizigo.

Bi Mashavu Ngwali hakuwa na ugomvi na sheria hii mpaka alipofungua duka la miwani.

Alikuwa mama wa miaka hamsini na sita, mwenye maneno machache na macho makali, aliyefanya kazi miaka ishirini na minane kwenye chumba cha macho cha hospitali moja ya serikali. Alipostaafu aliuza shamba la urithi wa mama yake, akanunua mashine ya kusagia lenzi, akapanga chumba namba nne katika jengo la Halmashauri, Mtaa wa Ufanisi. Chumba kilikuwa mali ya umma, na mali ya umma ina masharti. Sharti la chumba namba nne lilikuwa moja tu: mpangaji awe amehudumia wateja mia moja ifikapo saa kumi jioni, siku ya mwisho ya mwezi wa sita. Wakipungua, hata mmoja, chumba kinachukuliwa na kupewa muuza fremu za picha za viongozi, ambaye alikuwa ameshaleta nyundo na misumari yake na kuviacha pale kwa matumaini.

"Wakinitoa hapa, mashine nitaipeleka wapi?" Bi Mashavu alimwuliza dada yake. "Shamba ndiyo hivyo limekwenda. Nitasagia lenzi chini ya kitanda?"

Afisa Vibao wa mtaa, Bwana Kirungi, alikuja kumpima kidole kwa futi ya fundi cherehani. Alikuwa kijana mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni, asiyemtakia mtu mabaya na asiyeweza kumsaidia mtu. Kidole cha Bi Mashavu kilikuwa kifupi kwa maumbile, na asubuhi hiyo alikuwa amekata kucha.

"Ungengoja wiki moja, mama," Kirungi akasema kwa huruma, huku akiandika. "Kucha nayo huhesabiwa."

Basi kikatundikwa kibao, MIWANI, kwa herufi za kidole kisicho na kucha. Watu wenye macho mazuri walikisoma bila taabu, wakapita zao, maana hawakuhitaji miwani. Wale waliohitaji hawakukiona.

Hao wa pili waliishia mlango wa jirani, kwenye bucha la Bwana Zingizi. Bucha halina haja ya kibao, nzi hulitangaza bure. Waliingia wakifuata harufu, wakaomba miwani. Zingizi alikuwa mtu wa biashara. Akawaambia maini ni dawa ya macho, jambo ambalo kila bibi analijua, akawafungia kilo.

Mteja wa kwanza kuokoka huko alikuwa Mzee Sengo, fundi saa mstaafu. Alifika akipapasa ukuta kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika kifurushi cha damu.

"Hodi. Hapa ni bucha tena, au ndipo?"

"Ndipo, mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Wiki ya tatu hii nakutafuta. Maini nimeyala mpaka mke wangu amehamia kwa binti yetu."

Bi Mashavu akampima macho, akamsagia lenzi, akamvisha. Mzee Sengo akatoka nje, akasimama katikati ya barabara, akautazama mlango kwa muda mrefu.

"Kumbe umeandika," akasema. "Kibao chako kizuri, mwanangu. Ila kinamfaa mtu aliyekwisha kuuziwa."

*

Mwezi wa nne ulipofika, daftari la Bi Mashavu lilikuwa na wateja hamsini na mmoja, wengi wao wakiwa wamefika kwa bahati mbaya. Akajifunga khanga, akaenda ofisini kwa Kirungi.

"Naomba kibao kikubwa zaidi," akasema.

Kirungi akafunga dirisha. "Sema taratibu, mama. Kikubwa kuliko nini?"

"Kuliko kidole changu."

Kijana akashusha pumzi, akafungua kabati, akapuliza vumbi la jalada moja jembamba. "Kwa mujibu wa sheria kipo Kibali cha Kuzidi Kidole. Tangu nchi ipate uhuru wamekiomba watu wawili. Mmoja alikata tamaa."

"Na wa pili?"

"Wa pili ni wewe."

Fomu ilikuwa na kurasa tisa. Swali la kwanza: Je, mwombaji anakifahamu kidole chake? La pili: Eleza kwa nini huridhiki na hali yako. La tatu: Taja watu watatu wenye vidole vifupi kuliko chako ambao hawajawahi kulalamika. Bi Mashavu alijaza yote kwa mwandiko wa hospitali. Akafika ukurasa wa mwisho, palipoandikwa kwamba sampuli ya kibao kinachoombwa, kwa ukubwa wake halisi, iletwe ofisini. Chini yake paliandikwa kwamba kubeba kibao kilichozidi njiani ni kosa, kwa kuwa kinaweza kusomwa.

"Sasa nitakiletaje?"

"Sheria haijasema usikilete," Kirungi akajibu. "Imesema tu usikibebe."

Bi Mashavu akarudi nyumbani, akachukua shuka la kitanda, akaandika neno MIWANI kwa rangi nyeusi, kila herufi urefu wa mlango, na shuka moja liliposhindwa kutosha akaungia la pili na la tatu. Akayakunja, akayatia kwenye kikapu, juu akaweka mafungu mawili ya mchicha, akapita mbele ya askari wawili wa Halmashauri akiwauliza hali za watoto.

Ofisi ya Kirungi ilikuwa na upana wa meza yake. Kulikunjua shuka humo ndani hakukuwezekana, na kulikunjulia nje kungekuwa kulitundika bila kibali. Kirungi akafikiri sana, akakizunguka kikapu mara mbili, akalibonyeza shuka kwa kidole, kisha akaandika: "Kibao kimekaguliwa. Kina unene wa kuridhisha, kina harufu ya mchicha, na hakionekani kuwa kikubwa." Akagonga mhuri. Bi Mashavu alitaka kucheka, akaikumbuka mashine yake, akakohoa.

*

Hatua iliyofuata ilikuwa kusikiliza maoni ya wananchi, maana Kwetupazuri ni nchi ya kidemokrasia na wananchi husikilizwa kila wanapopatikana. Tangazo likatolewa. Kwa kuwa tangazo halina cheo, likaandikwa kwa punje ya ulezi, likabandikwa kwenye mlango wa ofisi, upande wa ndani. Wasioona vizuri, ambao ndio jambo lenyewe liliwahusu, hawakutokea hata mmoja. Waliokuja ni Zingizi wa bucha, muuza fremu, na Mzee Sengo, ambaye tangu apate miwani alisoma kila alichokutana nacho, mpaka migongo ya kalenda za zamani.

Kamati ya Vipimo na Heshima ilikuwa na wajumbe saba na Mwenyekiti mwenye sauti ya kubariki. Alianza kwa kuwasalimia wote kwa vyeo vyao, akamaliza baada ya dakika arobaini, akasema, "Na kwa wale niliowasahau, itifaki imezingatiwa." Kisha akaruhusu maoni.

Zingizi akasimama, akajifuta mikono. "Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi sipingi maendeleo. Mimi napinga kivuli. Kibao kikubwa kitaitia nyama yangu kivuli, na mteja akikuta nyama imekaa kivulini anadhani ng'ombe alikufa na majonzi."

"Hoja nzito," akasema Mwenyekiti, na wajumbe saba wakaiandika.

Mzee Sengo naye akainuka. "Mheshimiwa, mimi nimelipita duka hili mara kumi na saba nikilitafuta duka hili hili. Naomba Kamati inieleweshe kitu kimoja. Kibao cha duka la miwani anawekewa nani?"

Mjumbe mmoja akaomba maji.

"Mzee wetu amesema vizuri," Mwenyekiti akasema hatimaye, "ila tukimfuata tutaifanya sheria ionekane ina kasoro. Sheria haina kasoro. Kwa hiyo tuitafute kasoro kwa mwombaji. Herufi anazoziomba ni za mlango, na herufi za mlango ni za waziri. Je, mama, wewe ni waziri?"

"Si waziri," Bi Mashavu akajibu.

"Iandikwe. Hata hivyo Kamati ina moyo. Kama mama hawezi kuwa waziri, kibao kinaweza kuwa naye. Hapa nchini kila kitu huzinduliwa. Choo cha soko kilizinduliwa. Kisima cha Mtaa wa Pili kilizinduliwa mara mbili, na mara ya pili kilikuwa kimeshakauka. Kibao kikizinduliwa na Waziri wa Vibao, ubao utapimwa kwa cheo chake, na hakuna mtu atakayekuwa amevunja kitu."

Bi Mashavu aliligeuza neno hilo kichwani, akaona halina ubaya. Ubao mkubwa ni ubao mkubwa, na miezi ilikuwa inakimbia. Akatia sahihi. Zingizi aliposikia kutakuwa na sherehe aliondoa pingamizi lake papo hapo, akaomba zabuni ya nyama.

*

Waziri wa Vibao aliitwa Mheshimiwa Daktari wa Heshima Kanali Mstaafu Mhandisi Mtarajiwa Jodoki Makwinya. Siku ya uzinduzi, mwishoni mwa mwezi wa tano, alifika na watu thelathini na watano: naibu wake, mkuu wa mkoa, makatibu, madiwani, na mtu mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuanzisha makofi. Wote walisimama kizingitini kwa Bi Mashavu saa tano nzima, maana hapo ndipo palipokuwa na kivuli.

Hotuba ililetwa kwa lori. Ilikuwa imeandikwa, kama sheria inavyotaka, kwa herufi za mlango, juu ya mbao za plaiwudi, maneno matatu kila ukurasa. Watu wanne walisimamisha ukurasa, Waziri akausoma kwa sauti nene, wakaushusha, wakasimamisha mwingine.

"Ndugu zangu wananchi," akasoma Waziri. Ukurasa ukashushwa. "Serikali yenu haijalala." Ukashushwa. "Inayaona matatizo yenu." Ukashushwa. "Inayaona hata ambayo." Hapo palikuwa na ngoja-ngoja kidogo, upepo ulikuwa unavuma. "Bado hamjayapata, hongereni."

Kurasa za katikati zilishikana kwa rangi mbichi, Waziri akauruka uchumi wote bila mtu kugundua. Makofi yalikuwa ya kishindo. Kisha akavuta utepe, pazia likaanguka, na Mtaa wa Ufanisi ukakiona kibao.

Kilikuwa kikubwa kweli. Kilianzia duka la Bi Mashavu, kikapita mbele ya bucha, kikapita kwa fundi viatu, kikakunja kona. KIMEZINDULIWA NA, kiliandikwa, halafu likaja jina la Mheshimiwa na vyeo vyake vyote kwa herufi za mlango, chini yake mkuu wa mkoa kwa herufi za meza, chini yake madiwani kwa vigoda vyao, na msafara wote uliobaki, hata mwanzisha makofi. Na kwa kuwa jengo la Halmashauri ni fupi na wageni walikuwa wengi, ubao ulishuka kutoka paani hadi ardhini. Pembeni kabisa, chini mkono wa kulia, karibu na mtaro, paliandikwa MIWANI kwa urefu wa kidole.

"Bwana Kirungi," Bi Mashavu akanong'ona, "mbona miwani imebaki vile vile?"

"Mama, miwani ni yako, na cheo chako hakijabadilika."

"Na mlango wangu uko wapi?"

Kirungi akahesabu kwa kalamu. "Upo. Uko nyuma ya Kanali."

"Basi nikatieni tundu dogo, mtu apite."

Kijana akatazama huku na huku. "Kutoboa jina la waziri ni kifungo cha miaka saba, mama. Ukitoboa penye Mhandisi Mtarajiwa ni mitatu, kwa kuwa hajahitimu. Lakini Mhandisi Mtarajiwa yuko mbele ya bucha."

*

Sasa ukitaka kuona maajabu, subiri serikali ikusaidie. Watu wenye macho mabovu, ambao kwa miaka hawakuwahi kusoma chochote barabarani, walikiona kibao kile kutoka mitaa miwili. Wakaja kwa makundi. Lakini walichokisoma ni jina la Waziri, wakajua pale ndipo ofisini kwake. Walikuja na malalamiko ya maji, malalamiko ya barabara, malalamiko ya wakwe. Mmoja alifunga mbuzi kwenye herufi M, akasema hatamfungua mpaka apate hati ya kiwanja chake. Walikaa chini ya ubao kutwa nzima, wakapiga chafya kwa vumbi, jioni wakarudi makwao wakisifu kwamba safari hii angalau hawakufukuzwa.

Bi Mashavu aliingia dukani kwake kwa dirisha la nyuma, akikanyaga kreti la soda. Wateja wake walikuwa wazee, na wazee hawapandi madirisha. Mzee Sengo alijitahidi kuwaelekeza, akasimama mbele ya ubao akipaza sauti, "Miwani ni huku nyuma," na watu wakamwuliza kama yeye ndiye katibu wa Waziri. Daftari lilikuwa limefika sitini na nne siku ya uzinduzi. Wiki moja ikapita, sitini na nne. Wiki ya pili, sitini na nne.

Alasiri moja Bi Mashavu aliketi kando ya mashine yake, kwenye giza la nyuma ya Kanali, akawasikia watu waliomhitaji wakiongea hatua mbili kutoka alipo. Akalia. Alilia kwa hasira zaidi kuliko huzuni, kwa sababu aliomba kibao na akapewa ukuta, tena akapiga makofi. Kisha akapangusa lenzi ambazo hakuna aliyezinunua, akatoka kwa dirisha.

*

Rais wa Kwetupazuri, kiongozi mpendwa ambaye jina lake lina herufi nne tu, hakuwahi kupita Mtaa wa Ufanisi. Siku ya ishirini na mbili ya mwezi wa sita alipita, kwa kuwa barabara kuu ilikuwa na shimo lililokuwa linasubiri mgeni rasmi.

Sheria ya Vibao na Heshima ilipima urefu wa herufi kwenda juu. Kwenda pembeni haikusema kitu, kwa kuwa walioitunga hawakufikiri mtu anaweza kuwa na vyeo vingi kiasi hicho. Msafara ukaanza kulipita jina la Makwinya. Ukalipita, ukazidi kulipita, ukakunja nalo kona. Rais alikuwa dirishani. Walio naye garini wanasema aliuliza swali moja tu.

"Bado ni yeye huyu huyu?"

Jioni ile redio ikasoma mkeka, ile orodha ya walioteuliwa na waliotenguliwa. Watu wote thelathini na sita walioandikwa kwenye kibao uteuzi wao umetenguliwa, na watapangiwa majukumu mengine. Kesho yake asubuhi Kirungi alifika na mafundi, kwa sababu jina lisilo na cheo haliruhusiwi kukaa kwenye herufi za mlango hata kwa saa moja. Kufikia adhuhuri ubao wote ulikuwa chini, na mlango wa chumba namba nne ukaonekana tena.

"Na kibali changu?" Bi Mashavu akauliza.

"Kibali kilikuwa cha waziri, mama. Waziri hayupo." Kirungi akamkabidhi kipande cha ubao chenye neno MIWANI, akaona haya kidogo. "Hiki ni chako. Nimekipangusa."

Zilikuwa zimebaki siku nane na wateja thelathini na sita. Bi Mashavu alipiga hesabu hiyo mara moja, akaanza kutafuta maboksi ya kufungia mashine.

Siku ya pili akaingia aliyekuwa mkuu wa mkoa. Alichungulia kwanza kushoto na kulia, akajifanya anaulizia bei ya figo. Mkononi alikuwa na bahasha ndogo, ndogo kuliko yoyote aliyowahi kupokea tangu aapishwe.

"Mama, nimeandikiwa barua na Ikulu," akasema kwa sauti ya chini. "Nadhani wamesahau kuweka wino."

Hawakusahau. Barua za kutenguliwa huandikwa kwa cheo cha mtu baada ya kutenguliwa, na mtu asiye na cheo huandikiwa kwa punje ya ulezi. Mkuu wa mkoa alikuwa amesoma meza kwa miaka kumi na moja. Macho yalikuwa yameharibika zamani na hakuna aliyemwambia, maana kila alichopewa kilikuwa kimekuzwa tayari. Bi Mashavu akampima, akamvisha. Mkuu akaisoma barua yake, akasema, "Ahaa," akaenda nyumbani kwa miguu.

Baada yake akaja naibu waziri, wakaja makatibu, wakaja madiwani wote wa vigoda. Hakuna aliyehitaji kibao. Walikuwa wamesimama kizingitini pale kwa saa tano, walipajua. Hata mwanzisha makofi alikuja. Waligongana mlangoni, wakasingizia joto. Mmoja mmoja walikaa kwenye kiti, wakasoma, wakakunja barua, na Bi Mashavu akawafungia miwani zao bila kumwuliza mtu kilichoandikwa.

*

Siku ya mwisho, saa tisa alasiri, daftari lilikuwa na wateja tisini na tisa. Kirungi alikuwa amekaa mezani na kalamu yake, kwa kuwa sheria inamtaka ashuhudie. Nje, muuza fremu alikuwa ameshashusha picha zake kumi na mbili, zote za watu waliotenguliwa, naye alikuwa akijiuliza azifanye nini.

Makwinya akaingia. Alikuwa peke yake, amevaa kofia pana, na viatu vilikuwa na vumbi la mtu asiyeizoea barabara.

"Sikuja kununua," akasema. "Napita tu."

"Karibu ukae, mzee. Hata anayepita hukaa."

Akakaa. Akatoa bahasha kwenye koti, akaishika kwa mikono miwili. "Wenzangu wameamini redio. Mimi siamini redio, redio ni kelele. Mimi nina barua, na sijampa mtu anisomee, maana barua ya Rais haisomwi na mtu mwingine. Inawezekana kabisa humu nimepandishwa."

"Tusome kwanza chati," Bi Mashavu akasema. "Mstari wa juu?"

Makwinya akausoma kwa sauti ya jukwaani, mpaka watu wa bucha wakageuka.

"Wa pili?"

"Wa pili haupo."

"Upo, mzee. Na chini yake ipo mingine sita."

Bi Mashavu akageukia mashine. Lenzi haziharakishwi, nazo hazikuharakishwa, ingawa macho ya Kirungi yalikuwa kwenye saa ya ukutani. Saa kumi kasoro robo akamvisha miwani.

Makwinya akaisoma barua, midomo ikicheza. Akaigeuza nyuma, nyuma hapakuwa na kitu. Akaisoma tena. Akaivua miwani, akaitazama, akaifuta kwa tai yake, akaivaa.

"Huna nyingine?"

"Hiyo inabana?"

"Haibani. Nauliza kama unayo nyingine inayosema tofauti."

Bi Mashavu alikuwa na kila sababu ya kumcheka, na aliitafuta hamu ya kumcheka asiipate. Akamletea mbili nyingine. Makwinya akazijaribu zote, akasoma tena na tena, akaziweka mezani.

"Zote husema hivyo hivyo, mzee," Bi Mashavu akamwambia. "Ndiyo maana biashara hii ni ngumu."

Kirungi akakohoa, akachovya kalamu. "Jina?"

"Mheshimiwa Daktari wa Heshima Kanali Mstaafu..."

"Samahani, mzee. Daftari ni la wananchi, na lina mstari mmoja. Nikiandika cheo nitakuwa nimeandika uongo, na mteja wa uongo hahesabiki."

"Basi usiniandike." Makwinya akainuka, akachukua kofia. Saa ilionyesha zimebaki dakika nne.

Bi Mashavu hakumzuia njia. Alibaki ameshika kitambaa cha lenzi. "Mzee, ukitoka bila kuandikwa, mimi natoka nyuma yako, na sina pa kwenda. Sikuombi zaidi ya hapo. Andika tu jina ulilokuwa ukiitiwa chakula na mama yako."

Makwinya alifika mlangoni. Kisha akarudi, akakaa, akavaa miwani ya kwanza, akalivuta daftari karibu. Aliuona mstari. Pengine ulikuwa mstari wa kwanza kuuona tangu alipoapa. Akachukua kalamu ya Kirungi, akaandika polepole, Jodoki Makwinya, kwa herufi za punje ya ulezi, na alipomaliza zilikuwa zimebaki dakika mbili, na mbele yake palikuwa bado na nafasi.

"Kumbe linaenea," akasema, akalisogeza daftari ili na wao waone.